Panda Juu Mara Mbili, Kisha Ingia Maktabani

Uso ulionisawijika jana saa nne ya asubuhi, mbele ya kamati nzima ya chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho kwa heshima yake sitakitaja jina, haujarejewa na rangi yake hata hivi sasa ninapoandika, na kila nimkumbukapo mama mweka hazina alivyoishusha miwani yake hadi nchani mwa pua, akaitazama picha iliyotandazwa ukutani na projekta, akalitazama daftari lake la mistari, akanitazama mimi, kisha akaniuliza kwa upole uliouma kuliko karipio, "Mwanangu, hiyo laki mbili na kumi na sita elfu umeitoa wapi?", hunijia hamu ya kuuhama mji huu usiku usiku.

Jawabu nilikuwa nalo, ila halikuwa jawabu la kumpa mtu mzima mbele za watu. Kwa ukamilifu wake, bila ya kuongeza herufi wala kupunguza, lilikuwa hili:

../../maktaba/libriba.a

Nitatoa tafsili yake, maana mtu aliyefedheheka ana haki walau ya kuieleza silaha iliyompiga. Programu ya kompyuta haiandikwi yote upya kana kwamba duniani haijapata kuandikwa nyingine. Kazi zinazorudiwarudiwa, kama kukokotoa riba, kupanga tarehe au kuchapa risiti, huandikwa mara moja, zikafungwa pamoja katika faili liitwalo maktaba, na kila programu yenye haja nazo ikaazima humo. Lakini mwenye kuazima shurti ajue mwenye kitu anakaa wapi, na makao ya maktaba huweza kutajwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni njia kamili, ianzayo katika folda ya juu kabisa ya mashine na kushuka ngazi kwa ngazi mpaka mlangoni, nayo haibadiliki hata ikisomwa wapi. Ya pili ni njia tegemezi, ambayo haina mwanzo wake yenyewe bali huanza pale aliposimama msomaji: nukta mbili maana yake panda juu ngazi moja, nukta mbili tena panda nyingine, hapo utaiona folda iitwayo maktaba, ingia, uliza libriba.a. Na yule aliyenitangulia katika kazi hii, ambaye sasa yuko kwenye mshahara mnono kuliko huu na simu zangu hazipokei, aliichagua hiyo ya pili.

Njia tegemezi ni maelekezo ya mwenyeji anayempigia mgeni simu na kumwambia, "Toka hapo ulipo, rudi nyuma nyumba mbili, mlango wa kushoto," asimuulize hapo alipo ni wapi. Maelekezo hayo si ya uongo. Kwa mgeni aliyesimama pale alipodhaniwa amesimama ni sahihi kupita ramani. Na kwa mgeni aliyeshuka daladala kituo kimoja mbele yatamfikisha vilevile kwenye mlango wa kushoto, abishe hodi, akaribishwe na watu asiowajua.

Nukta zenyewe, kwa haki ya Mungu, ni kitu cha kustaajabisha, na laiti ningalikuwa na hali njema ya moyo ningaliziandikia kitabu. Ni za siku za mwanzo za Unix, mfumo ambao Ken Thompson na Dennis Ritchie waliuanza mwaka 1969 katika maabara za Bell Labs, huko New Jersey nchini Marekani, nazo si alama za kupambia maandishi bali ni majina hasa. Kila folda inapoundwa, kabla mtu hajatia kitu chochote ndani, huwa na wakazi wawili: mmoja aitwaye nukta, ambaye ni folda yenyewe, na mwingine aitwaye nukta mbili, ambaye ni folda iliyoizaa. Kwa hiyo folda tunayoiita tupu haiko tupu kamwe. Ina nafsi yake na ina mzazi wake. Ukiuliza, kama wanavyouliza wote wenye akili timamu, mzazi wa folda ya juu kabisa ni nani, utaambiwa ni yeye mwenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kuandika nukta mbili na mkwaju mara arubaini mfululizo, asitoke nje ya kompyuta wala asianguke, bali afike juu na kubaki juu, akipanda bila ya kupanda. Na Rob Pike, aliyefanya kazi katika maabara hizo, amesimulia kwamba mtu mmoja alipochoka kuwaona wakazi hao wawili katika kila orodha ya mafaili, aliandika mkato mfupi wa kuruka jina lolote lianzalo kwa nukta. Na kutokana na mkato huo yakazaliwa mafaili ya siri, ambayo leo yamejaa katika kompyuta za ulimwengu mzima ilhali hakuna aliyekaa akayakusudia.

Lakini liko jambo ambalo nukta hazilisemi, nalo ndilo asili ya balaa lote. "Hapa" ni wapi? Kila programu inayotembea ndani ya mashine huhesabiwa kuwa imesimama katika folda fulani, na folda hiyo haitokani na faili lililoandikwa maelekezo, kama ambavyo mtu mwema angedhani, bali hurithiwa kutoka kwa programu iliyoizaa, ambayo nayo ilirithi kwa mzazi wake, na huyo kwa wake, mpaka nasaba ifike kwenye kidole cha mtu aliyebonyeza kitufe. Maelekezo yameandikwa na mmoja, yanasomwa na mwingine, na mahali pa kuanzia huamuliwa na wa tatu, ambaye aghalabu hajui kuwa ameamua kitu.

Sasa turejee ukumbini. Katika kompyuta ya ofisi mradi wa programu niliyokwenda kuwaonyesha ulikaa hivi: /home/ofisi/kazi/akiba/programu. Ukisimama katika folda ya programu ukapanda mara moja unaingia akiba, ukapanda tena unaingia kazi, na humo ndani ya kazi, bega kwa bega na akiba, ndimo ilimokuwamo maktaba sahihi. Basi katibu wetu, mtu nadhifu aliyezoea kupanga hata kalamu zake kwa urefu, usiku wa kuamkia mkutano aliona si adabu kuwafungulia wageni folda iliyojaa takataka zetu za miaka. Akaunda folda mpya, akaiita Maonyesho, akainakili akiba na yote yaliyomo humo ndani, akazima taa, akaenda zake kulala usingizi wa watu wema. Maktaba hakuinakili, kwa sababu jina lake halikuwa na sura ya kitu cha chama kile. Nani atamlaumu?

Asubuhi mambo yalikwenda shwari, kwani programu ilikuwa imekwisha kujengwa tangu juzi na maktaba ilikuwa imekwisha kumezwa ndani yake. Niliwaonyesha mkopo wa mfano wa shilingi 1,200,000, wa kulipwa kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, inayotozwa kwenye salio linalopungua: mwezi wa kwanza 18,000, mwezi wa mwisho 1,500, jumla ya riba 117,000. Mama mweka hazina alikuwa amekwisha kuikokotoa nyumbani kwa penseli, akapitisha kidole katika daftari lake, akatikisa kichwa kwa ridhaa. Hapo nilijiona mtu wa maana. Naam, hapo hasa ndipo mwenyekiti alipokohoa, akasema kwamba jina la chama pale juu limekosa neno "Ushirika", na kwamba wajumbe wangependa kuliona likirekebishwa sasa hivi, ili waamini kuwa mambo haya yanarekebishika.

"Ni kazi ya dakika moja, mheshimiwa mwenyekiti," nikasema.

Nikaongeza neno, nikaamuru programu ijengwe upya. Chombo tunachokitumia kujengea ni make, kilichoandikwa na Stuart Feldman mwaka 1976 katika maabara zilezile za Bell Labs, nacho kina hekima ambayo kila niifikiripo huniondolea hasira kidogo. Huandikiwa orodha: kitu hiki kinatokana na hivi, na hivi vinatokana na vile. Kisha chenyewe hutazama umri tu. Kitu kikiwa kichanga kuliko asili zake, kinaachwa kama kilivyo. Kikiwa kizee kuliko mojawapo ya asili zake, kinajengwa upya. Na kisipokuwapo kabisa, inatafutwa kanuni ya kukiunda. Hakiulizi lolote jingine, wala hakijui kama kinajenga daraja la mahesabu au mchezo wa karata. Kadhalika kina ukaidi wake mashuhuri, wa kutaka kila mstari wa amri uanze kwa kitufe cha tabo na si kwa nafasi za kawaida, ukaidi ambao mwenyewe Feldman alisimulia baadaye kuwa aliuacha ulivyo kwa sababu tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili, wengi wao rafiki zake, na hakutaka kuwavurugia kazi. Ili watu kumi na wawili wasisumbuke, ulimwengu mzima umesumbuka kwa karibu nusu karne. Na bado nasema ni chombo kizuri.

Chombo hicho kizuri kikaandika ukutani, kwa Kiingereza na kwa herufi ambazo projekta ilizikuza zikawa na kimo cha shubiri moja, kwamba hakuna kanuni ya kuunda "../../maktaba/libriba.a", inayohitajiwa na "akiba", kisha kikasimama. Tazama inda ya maneno hayo. Hakikusema kwamba kitu kimepotea, wala kwamba hapa si mahali pake. Kimekwenda mpaka Maonyesho, hakikuona maktaba, na kwa mujibu wa hekima yake ya kwamba kisichokuwapo huundwa, kikatulaumu kwa kutokifundisha namna ya kutengeneza maktaba ya riba kutoka hewani. Mjumbe mmoja aliyasoma yote kwa sauti, nukta moja moja, na mwenyekiti akauliza kama hiyo ndiyo dakika yenyewe.

Kijana wetu wa ofisini, mwenye moyo wa kusaidia uliokwisha kutuletea hasara nyingine kabla ya hiyo, akaniinamia sikioni. "Kaka, tuitoe akiba humo kwenye Maonyesho, tuilete huku juu. Labda inataka nafasi." Kabla sijajibu mkono wake ulikuwa umekwisha kuivuta folda, na akiba ikawa imekaa /home/ofisi/akiba. Akabonyeza. Ikajengwa. Haikulalamika hata kwa neno moja, jina la chama likatokea juu likiwa na "Ushirika" wake wote, na wajumbe wawili wakapiga makofi.

Hesabu na wewe, msomaji. Toka /home/ofisi/akiba/programu, panda mara moja uko akiba, panda tena uko /home/ofisi. Na humo katika /home/ofisi, pasipokuwa na mtu aliyeikumbuka, palikuwa na folda nyingine iitwayo maktaba, na ndani yake libriba.a nyingine, masalio ya enzi za wateja waliokuwa wakitoza riba ya mkopo wote kwa mwaka wote, deni lipungue lisipungue. Asilimia 18 ya 1,200,000 ni 216,000. Mkopo uleule, miezi ileile, asilimia ileile, na baina ya makofi na makofi mkopaji ameongezewa deni la shilingi 99,000 kwa sababu folda imesogezwa ngazi moja.

Utauliza, kama alivyouliza mwenyekiti akiwa sasa amevua kofia, imekuwaje katika mashine yote asipatikane hata mmoja wa kupinga. Hapa ndipo palipo na ufundi ninaoupenda na kuuchukia kwa kipimo kimoja. Baada ya kompaila kuyageuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, huja chombo kiitwacho linka, na kazi yake ni kuozesha. Kila kipande cha programu huja na orodha mbili, ya majina kinayoyatoa na ya majina kinayoyahitaji. Linka hushika orodha ya mwenye haja, hutafuta mwenye kutoa jina hilohilo, na jina likioana na jina huandika ndoa. Programu yetu ilihitaji kokotoa_riba; maktaba sahihi ilikuwa na kokotoa_riba; na maktaba ya zamani nayo, kwa kuwa mpya ilizaliwa kwa kunakiliwa kutoka kwake, ilikuwa na kokotoa_riba. Katika lugha ya C jina halibebi hata habari ya aina ya vitu linavyovipokea, sembuse tabia ya kazi linayoifanya. Linka haichunguzi nasaba, haiulizi mwaka wa kuzaliwa, haitaki mashahidi. Kwa namna hii programu kubwa za ulimwengu hujengwa kutokana na vipande vilivyoandikwa na watu wasiojuana, wengine wakiwa wamekwisha kufa, na hujengwa kwa muda wa kupiga chafya. Na kwa namna hiihii mama wa watu hukaa na daftari lake la penseli akiwa ndiye mtu pekee ukumbini, pamoja na mashine, anayejua kuwa hesabu imeharibika.

Hapo nikaona kwamba njia iliyopotea na kulia kuwa imepotea ni njia yenye adabu, na kwamba ile fedheha ya kwanza, ya herufi za shubiri moja, ilikuwa rehema niliyoikimbia. Njia ya kuogopwa ni hii ya pili, ambayo hupotea na kufika.

Mama mweka hazina alinisikiliza nilipomweleza, kwa kadiri haya ilivyoniachia pumzi. "Na hiyo maktaba ya zamani," akasema, "mbona hamkuitupa?"

"Tulichelea, mama, pengine yuko mtu bado anaitumia."

"Yuko?"

"Hatumjui, mama."

Akaandika kitu katika daftari lake. Sikuthubutu kuuliza ni nini.

Alasiri tukakutana ofisini kuchunguza jambo lenyewe, na hapo ndipo ucheshi unaponiishia. Mwenzetu mmoja, sahibu wa yule aliyehama, aliufungua mradi katika laptopu yake, ambamo kazi, akiba na maktaba bado zimekaa kama siku zilipozaliwa, akaujenga, akageuza kioo atuonyeshe 117,000, kisha akayatamka maneno ambayo katika ufundi huu yamewaachia huru wakosaji wengi kuliko msamaha wa sikukuu yoyote: "Kwangu inafanya kazi." Ni maneno matatu, na yote ni kweli. Ila kweli hiyo maana yake nini, kama si kwamba meza yake ndiyo kitovu cha ardhi, na kwamba sisi wengine tulio na meza nyingine tumesimama vibaya? Anayeandika nukta mbili huandika akiwa amekaa kitini kwake, na kazi yake husifiwa siku hiyohiyo. Anayesimama mbele ya watu nukta hizo zinapokwenda kombo ni mwingine, mara nyingi ni yule aliyeajiriwa mwisho, na lawama haijui kupanda ngazi hata moja kumtafuta mwandishi. Katika kumbukumbu za kikao imeandikwa kuwa maonyesho yaliharibika "mikononi mwangu". Nimeomba maneno hayo yafutwe. Hayajafutwa.

Nilipata misiba mingine ya jamii hii, nami nitaipita mbiombio. Folda iliyoitwa "Kazi Mpya", ambayo make iliikata katikati kwenye nafasi ile ikaanza kuitafuta Kazi upande huu na Mpya upande ule. Folda iliyoitwa Maktaba kwa herufi kubwa, ambayo katika Windows ni ileile na katika seva ya Linux ni mgeni asiyejulikana. Ripoti ya usiku wa manane iliyoanzishwa na cron, chombo cha kuanzisha kazi kwa saa zilizopangwa, kutoka folda ya nyumbani, ikapanda mara mbili kutoka pasipo pake, ikafika juu kabisa, na kutuchapia karatasi tupu zenye tarehe sahihi. Na faili moja la zipu ambalo, likifunguliwa ndani ya folda ndani ya folda, lilivuka kikomo cha kale cha Windows cha herufi 260 kwa njia moja na kukataa kutoka.

Wapo watakaosema dawa ni njia kamili. Tumeionja. Yule aliyenitangulia aliwahi kuandika mradi mwingine kwa njia kamili, na njia hiyo, kwa kuwa ilianzia katika folda yake ya nyumbani, ilibeba jina lake. Matokeo yake ni kwamba hadi leo kila kompyuta mpya ya ofisi yetu, kabla haijaweza kujenga chochote, lazima iundiwe mtumiaji mwenye jina la mtu huyo, ambaye kwa hesabu ya mashine zetu hajaacha kazi wala hataacha.

Dawa iliyo aula ni kuiacha njia iwe tegemezi ila iseme inamtegemea nani, na katika hili wajuzi wamehitilafiana mpaka mtu akachoka. Kompaila ya GCC, ikikuta mstari unaotaja jina la faili ndani ya alama za kunukuu, huanzia katika folda ya faili lenye mstari huo. Lakini ukiipa folda ya maktaba kwa amri ya -L, huanzia pale iliposimama yenyewe, ikawa na "hapa" mbili katika pumzi moja. Cargo, chombo cha lugha ya Rust, huhesabu kutoka lilipo faili lake la Cargo.toml, nawe usimame unapotaka. Lugha ya Go hutaka njia ya namna hiyo ianze kwa nukta waziwazi, ili asije mtu akaidhani ni jina la kitu cha mbali. Maven, chombo cha lugha ya Java, kwa maktaba iliyowekwa katika diski kwa mkono, huikataa kabisa njia tegemezi na kudai kamili. Na katika Linux, wakati wa kuitumia programu iliyokwisha kujengwa, lipo neno moja, $ORIGIN, lenye maana ya folda ilimo programu yenyewe; ukilitanguliza mbele ya nukta zako, waweza kuihamisha programu na maktaba zake pamoja kutoka diski hadi diski, nazo zitaonana daima, maana chimbuko linakwenda nazo. Nilipolijua neno hilo nilifurahi kama mtu aliyelipwa deni alilokuwa amelisamehe.

Walakini ushauri nilioletewa jana na kila mtu, hata na wasioulizwa, haukuwa huo. Nilipewa kwa sauti ya kumwambia mtu wa zamani: acha kuweka maktaba katika folda za jirani, taja jina lake na toleo lake, na chombo kitaipakua chenyewe kutoka intaneti kila inapohitajiwa. Ni ushauri mzuri, na penye waya mnene ni mzuri zaidi. Ila wanaoutoa hawasemi kwamba nao una nukta mbele yake. Mwezi Machi 2016 mwandishi mmoja aliiondoa katika hazina ya npm maktaba yake iitwayo left-pad, yenye mistari 11 tu ya kuongeza nafasi kushoto mwa maneno, na ujenzi wa programu ukakwama katika makampuni makubwa kwa madogo, wala hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amesogeza folda. Na Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani, waliobaki wakifanya kazi yao kwa utulivu ni wale wenye maktaba zao katika diski, mlango wa pili, wanakozifikia kwa kupanda mara mbili. Hatukuziweka karibu kwa ushamba. Tuliziweka kwa kuwa kila upakuaji una bei yake, bei hiyo hukatwa kwenye bando la mtu, na bando huisha saa tano ya usiku, ujenzi ukiwa umefika nusu.

Kwa hiyo mwenye kunishauri simkatalii; ushauri wake ni sahihi kwa aliyesimama pale alipo yeye. Namwomba tu, kabla ya kunitamkia kwamba nipakue, anitajie amesimama wapi, waya wake unapita bahari gani, na bando lake linalipwa na nani.